Siku nane kwenye nyayo za kimeta

Siku ya 1. Poznań hadi Wolsztyn

Nusu ya abiria kwenye behewa letu walikuwa wanaume watu wazima wenye kamera shingoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akienda kwenye nyumba ya Robert Koch, daktari aliyekichunguza kimeta. Wolsztyn, mji mdogo wa magharibi mwa Poland, unajulikana zaidi kwa karakana yake ya vichwa vya treni za mvuke, ambavyo bado vinawashwa na kutembea. Niliposema kwamba mimi ni daktari wa mifugo na nimefuata kimeta, ugonjwa ambao wengi huujua kama anthrax, jirani yangu alicheka kwa adabu, halafu akasogeza begi lake kidogo upande wa pili. Nimezoea.

Hata wenzangu kazini waliniuliza mara mbili mbili kama kweli nitamaliza likizo yangu nikifuata ugonjwa. Ndiyo. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiitwa kuangalia mizoga ya aina moja: ng'ombe alikuwa mzima jana jioni, asubuhi yuko chini, tumbo limefura, mwili haujakakamaa, damu nyeusi isiyoganda inachuruzika puani na mkunduni. Ukiona hivyo, kisu kinabaki alani. Unachukua damu kidogo sikioni kwa ajili ya maabara, unaziba matundu yote, mzoga unachomwa au unafukiwa shimo refu, basi. Kila ninalowaeleza wafugaji linaishia kwenye neno moja: msimpasue. Wananisikiliza, wanaitikia, na nikigeuka nyama imeshagawanywa. Nilitaka nione neno hilo lilianzia wapi.

Kwa sehemu kubwa lilianzia hapa. Robert Koch aliletwa mwaka 1872 kuwa daktari wa wilaya, enzi hizo mji ukiitwa Wollstein na ukiwa chini ya Wajerumani. Nyumba yake sasa ni makumbusho. Maabara hakuwa nayo. Alikuwa na hadubini, chumba cha wagonjwa, na kondoo wa wilaya nzima waliokuwa wakifa kimeta.

Vijiti kwenye damu wengine walikuwa wameshaviona. Madaktari Rayer na Davaine waliviona Ufaransa mwaka 1850. Kitendawili kilikuwa kingine. Vijiti vile ni dhaifu, damu ikikaa siku chache vinakufa. Sasa malisho yaleyale yanaua vipi mwaka huu, na mwakani, na miaka mingi baadaye, wakati hakuna mnyama mgonjwa hata mmoja aliyebaki?

Koch alichonga vibanzi vya mbao, akavisafisha kwa moto, akavichovya kwenye damu ya mzoga na kuwachanjia panya mkiani. Panya akifa, damu yake inakwenda kwa panya mwingine, hadi zamu ishirini. Kisha akachukua tone la majimaji ya jicho la ng'ombe, akatia chembe ya bandama iliyoambukizwa, akalitunza kwenye joto la mwili na kukaa nalo kwenye hadubini. Vijiti vikarefuka vikawa nyuzi. Ndani ya nyuzi vikajitokeza vitone vinavyong'aa, vimepangana kama shanga. Nyuzi zikayeyuka, shanga zikabaki. Akazikausha, akaziweka, akaja kuzirudishia unyevu na joto: vijiti tena, panya tena, kifo tena.

Hizo shanga ndizo spora. Ili ziumbike zinataka hewa. Ndani ya mzoga usiopasuliwa hewa haitoshi, na bakteria wa uozo wanawamaliza wale wa kimeta ndani ya siku chache. Ukipasua, damu inakutana na hewa, na umeshapanda shamba ambalo litavunwa na watoto wako. Nimelisema hili mara elfu. Leo ndiyo mara ya kwanza kuliona likiwa na anwani.

Siku ya 2. Wrocław

Nimekuja kwa sababu Koch naye alikuja. Tarehe 30 Aprili 1876 alifika huku, mji ukiitwa Breslau, akiwa na panya wake na vioo vyake, kumwonyesha Ferdinand Cohn, bingwa wa bakteria wa chuo kikuu. Daktari wa kijijini asiyejulikana, mbele ya maprofesa. Siku tatu akarudia jaribio lote mbele ya macho yao. Julius Cohnheim, mtaalamu wa magonjwa, alipomaliza kuangalia aliwaambia wasaidizi wake waache kila kitu waende wakaone. Mwaka uleule Cohn akayachapisha matokeo kwenye jarida lake. Ndiyo mara ya kwanza bakteria fulani kuthibitishwa kuwa ndiye kisababishi cha ugonjwa fulani.

Kinachonifurahisha si ushindi wake, ni mizigo. Fikiria kwenye treni, mtu na sanduku la panya wenye kimeta miguuni.

Mvua. Nimezunguka chuoni nikalowa, nikarudi kulala mapema.

Siku ya 3. Treni, treni, treni

Wrocław, Berlin, halafu Ufaransa. Treni moja ilichelewa, nikakosa ya kuunganisha, nikafika Paris karibu usiku wa manane. Yatosha kuhusu hilo.

Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alitaka kujua ninaandika nini. Nilipotaja ugonjwa kwa Kijerumani, Milzbrand, alikunja uso. Maana yake ni moto wa bandama, na jina hilo lilitungwa na mtu aliyefanya lile nisilotaka lifanyike: alipasua. Bandama ya mnyama wa kimeta huwa imevimba na kulainika, nyeusi tii. Wafaransa husema charbon, makaa. Neno anthrax la Kigiriki nalo ni makaa. Hao waliuita ugonjwa kwa kumwangalia mtu, si mnyama.

Nikamweleza bibi, maana aliuliza swali ambalo kila mtu huuliza: unaambukiza? Hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu kama mafua. Mtu huupata kwa mnyama au kwa kitu cha mnyama. Zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa huupata kwenye ngozi, mkono uliochuna au uliobeba. Kinaanza kipele kama cha kuumwa na mdudu, kinawasha. Baada ya siku moja mbili kinakuwa lengelenge, pembeni panavimba sana, halafu katikati panakufa na kuwa gamba jeusi. Ajabu yake, hakiumi. Hapo ndipo watu wanapopotea: kidonda kisichouma nani atakipeleka hospitali? Kikiachwa bila dawa, kati ya wagonjwa kumi anaweza kufa mmoja au wawili. Kikitibiwa mapema kwa antibayotiki za kawaida, ni nadra sana mtu kufa. Aliyekula nyama yake hupata wa tumboni, na huo ni mbaya zaidi. Aliyevuta spora ndiye mwenye safari fupi kuliko wote.

Bibi alinawa mikono aliporudi kutoka msalani. Nadhani alinawa mara mbili.

Siku ya 4. Melun na Pouilly-le-Fort

Kutoka kituo cha Gare de Lyon, Paris, hadi Melun ni mwendo mfupi, kisha teksi. Pouilly-le-Fort ni kijiji kitulivu mno, sasa kimemezwa na vitongoji. Nilisimama kandokando ya shamba lililolimwa, upepo unapiga, hakuna mtu. Hapa mwaka 1881 palijaa watu wa kila namna: wakulima, madaktari wa mifugo, wabunge, waandishi wa magazeti.

Aliyeandaa jaribio lile la chanjo ya kimeta alikuwa Rossignol, daktari wa mifugo mwenye shamba, na haikuwa kwa mapenzi. Alikuwa akimkejeli mwanasayansi Louis Pasteur na vijidudu vyake hadharani, akamtaka athibitishe mbele ya watu. Pasteur akakubali upesi kuliko wasaidizi wake walivyotaka.

Tarehe 5 Mei wakachanja kondoo 24, mbuzi mmoja na ng'ombe sita. Tarehe 17 wakarudia chanjo kali zaidi. Tarehe 31 wote, waliochanjwa na kundi lingine la kondoo 24, mbuzi mmoja na ng'ombe wanne wasiochanjwa, wakadungwa kimeta hai. Tarehe 2 Juni watu wakarudi kuangalia. Waliochanjwa wamesimama wanakula. Upande wa pili kondoo 21 na mbuzi wamelala wamekufa, wawili wakafa wageni wakitazama, wa mwisho hakuuona usiku. Ng'ombe wasiochanjwa walivimba wakaugua, hawakufa. Ng'ombe ni mgumu kidogo kuliko kondoo. Mmoja tu wa waliochanjwa, kondoo mwenye mimba, alikufa baadaye.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa hadithi ikiishia hapo. Ina mkia. Pasteur aliacha umma uamini kwamba chanjo ile ilidhoofishwa kwa hewa, njia aliyokuwa akiinadi kama yake. Daftari zake, ambazo familia ilizifungia hadi miaka ya 1970, zinaonyesha kwamba chanjo ya Pouilly-le-Fort ilitengenezwa na msaidizi wake Chamberland kwa kemikali, daikromati ya potasiamu. Na wazo la kuwadhoofisha vijidudu kwa kemikali lilikuwa na jirani wa karibu sana: Toussaint, daktari wa mifugo wa Toulouse, aliyekwisha kutangaza chanjo ya kimeta mwaka 1880. Mwanahistoria Gerald Geison aliyaweka hadharani haya mwaka 1995 na watu wakagombana.

Mimi sina ugomvi na kondoo 24 waliosimama. Lakini ni daktari wa mifugo, na naona mwenzetu wa Toulouse amekaa nje ya picha muda mrefu mno.

Chanjo ninayobeba mimi kwenye boksi la barafu si ya Pasteur. Ni uzao wa kazi ya Max Sterne, aliyekuwa kwenye taasisi ya mifugo ya Onderstepoort, Afrika Kusini, miaka ya 1930. Alipata kimeta kilichopoteza koti lake la nje, lile linalokificha kisimezwe na chembe nyeupe za damu. Kinaingia mwilini, kinafundisha kinga, hakiui. Sindano moja, kila mwaka. Na usimpe mnyama antibayotiki siku hizohizo, kwa sababu chanjo yenyewe ni kijidudu hai. Utaiua kabla haijafanya kazi. Kosa hilo nimeliona likifanywa na watu wenye vyeti.

Jambo moja zaidi kabla sijalala. Pasteur alijiuliza spora zilizofukiwa hupandaje juu, akawashuku minyoo ya udongo, kwamba inazipandisha pamoja na kinyesi chake. Wakulima wa Beauce, Ufaransa, hawakuwa na haja ya minyoo. Walikuwa na mashamba wakiyaita mashamba yaliyolaaniwa, na hawakulisha hapo. Mahali kwingi nilikofanya kazi wazee wana viwanja vya namna hiyo, na vijana wasomi tukawaambia ni ushirikina. Tulipaswa kuuliza ramani.

Siku ya 5. London hadi Bradford

Siku ya kupita tu. Kwenye treni ya kaskazini nilikaa karibu na kijana aliyekuwa akifungua bahasha moja baada ya nyingine kwa kidole gumba, barua za kikazi, na kichwa changu kikaenda Marekani mwaka 2001. Barua chache zilizotiwa unga wa spora zilitumwa kwa vyombo vya habari na maseneta wawili. Wagonjwa 22, nusu kwenye ngozi na nusu kwenye mapafu, vifo vitano. Baadhi ya waliougua hawakufungua barua yoyote: walikuwa wafanyakazi wa posta. Mashine za kuchambua barua ziliminya bahasha, na vinyweleo vya karatasi ni vikubwa kuliko spora.

Hapo watu wengi ndipo walipolisikia neno anthrax kwa mara ya kwanza, na hadi leo ukilitaja wanafikiria bahasha. Inanikera. Kwa wengi wanaougua duniani, barua haihusiki. Ni mzoga na kisu.

Siku ya 6. Bradford na Saltaire

Nimeipenda siku hii kuliko zote, na sikuitarajia.

Bradford ulikuwa mji wa sufu. Saltaire, mwendo wa dakika chache kwa treni, ni kijiji ambacho Titus Salt aliwajengea wafanyakazi kando ya kiwanda alichokifungua mwaka 1853, utajiri wake ukitokana na sufu ya alpaka, mnyama wa Amerika Kusini. Kiwanda sasa kina picha za mchoraji David Hockney ukutani na watu wananong'ona kama kanisani. Dukani kulikuwa na kapu la sufu mbichi ya kugusa. Nilishika fumba moja. Inanata kidogo, ina mafuta, na ndani yake vijitakataka: jani, mbegu ya miba, na kitu cheusi kama ukucha. Nilikiangalia kwa muda. Kilikuwa tope.

Kingeweza kuwa damu. Katika karne ya 19, alpaka na sufu ya mbuzi iitwayo moheya vilipoanza kuingia, wachambuzi wa sufu wa Bradford walianza kufa vifo vya ghafla. Kazi yao ilikuwa kufungua robota na kutenganisha sufu kwa mikono, vumbi likifuka usoni. Mtu anajisikia mchovu, kifua kinabana, anakwenda nyumbani, baada ya siku mbili tatu amekufa. Madaktari waliandika nimonia, au sumu ya damu. Wafanyakazi walikuwa na jina lao: ugonjwa wa wachambuzi wa sufu. Walijua hata robota zipi ni za kuogopa, hasa moheya iliyotoka pande za Van, Uturuki. Daktari John Henry Bell ndiye aliyethibitisha kuelekea mwaka 1880 kwamba ni kimeta, na akagombana na wenye viwanda hadi kanuni za tahadhari zikaanza kuandikwa.

Spora ikivutwa haiotei kwenye pafu. Chembe za ulinzi huimeza na kuibeba hadi kwenye tezi katikati ya kifua, na humo ndimo inapoamka. Mlinzi mwenyewe ndiye anayempitisha mwizi getini. Kisha sumu inamwagika, na mgonjwa aliyeonekana ana mafua jana leo hana pumzi.

Mwaka 1905 ikaundwa bodi ya uchunguzi wa kimeta, na mtaalamu wao wa bakteria akawa Friedrich Wilhelm Eurich, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia hapahapa. Huyu bwana kwa miaka mingi alipima maelfu ya sampuli za sufu chafu, moja baada ya nyingine, bila yeye mwenyewe kuugua. Alichogundua ni kidogo na kikubwa: hatari ilikuwa hasa kwenye sufu yenye damu iliyokauka. Damu, yaani mnyama aliyekufa, yaani mtu fulani milimani mbali kabisa aliyeamua ngozi isipotee bure. Vumbi pekee ungeweza kulifyonza kwa feni. Donge la damu lililokaukia katikati ya sufu feni haiwezi kulitoa.

Basi wakaosha. Sabuni, maji ya moto, halafu formalini, dawa ya kuulia vijidudu. Sheria ya kuzuia kimeta ilipita mwaka 1919, na mwaka 1921 kituo cha serikali cha kusafishia sufu kikafunguliwa Liverpool, bandarini, ili robota zisafishwe kabla hazijafika kwa mtu yeyote. Hakuna aliyewaambia wachambuzi wanawe mikono vizuri zaidi. Waliwaondolea hatari kabla ya kufungua. Nikikumbuka vipeperushi ninavyogawa mimi, naona aibu kidogo.

Siku ya 7. Kwenda Inverness

Safari ya kutwa, hadi kaskazini mwa Uskoti. Milima, kondoo, milima. Nimesoma tena habari za Yamal, kaskazini mwa Urusi, 2016. Kiangazi cha joto kisicho cha kawaida, ardhi iliyokuwa barafu ikayeyuka, kulungu wa kufugwa zaidi ya 2,000 wakafa, watu kadhaa wakaugua, mtoto wa miaka 12 akafariki. Magazeti yote yaliandika barafu. Machache yaliandika kwamba chanjo ya kulungu huko ilikuwa imesimamishwa mwaka 2007, kwa kuwa kimeta hakikuwa kimeonekana miaka mingi.

Ugonjwa ukiwa adimu, bajeti yake ndiyo ya kwanza kukatwa. Nimekaa kwenye vikao hivyo.

Siku ya 8. Ghuba ya Gruinard

Dereva alikuwa mzee wa huku, mkimya, mwenye darubini kwenye dashibodi. Kutoka Inverness tulipita Garve, tukashuka Dundonnell, barabara ikawa nyembamba, halafu bahari. Kisiwa kiko kama kilomita moja kutoka ufukweni: kirefu, cha chini, rangi ya majani makavu. Hakina mti wa kutazama. Hekta 196.

Mwaka 1942 wanasayansi wa Porton Down, kituo cha utafiti wa kijeshi cha Uingereza, waliwafunga kondoo kwenye vizimba hapo, wakalipua bomu la spora upande upepo unakotoka, wakapiga filamu. Baada ya siku chache kondoo walianza kuanguka. Jaribio lilifaulu, na tatizo ndilo hilo: hawakujua wakisafisheje kisiwa. Kikafungwa, mabango yakawekwa, miaka ikaenda. Mwaka 1981 kikundi kisichojitaja kikaacha furushi la udongo, kikidai umetoka kisiwani, karibu na Porton Down, kikitaka kisiwa kisafishwe. Mwaka 1986 kazi ikaanza: tani 280 za formalini zikachanganywa na tani 2,000 za maji ya bahari, zikanyunyiziwa ardhini. Kundi la kondoo likapelekwa kulisha, halikuugua. Aprili 1990 naibu waziri wa ulinzi akavuka, akang'oa bango, akatangaza kwamba ni salama. Warithi wa mwenye kisiwa wakakinunua tena kwa pauni 500, bei iliyowekwa tangu vitani.

Kisiwa kimoja kidogo, miaka 48, tani zote hizo. Mimi nina majembe mawili, chokaa isiyofaa kitu (chokaa huzitunza spora, sasa tunaambiwa tusiiweke), na wilaya nzima.

Mzee alinipa darubini. Niliona mawe, ndege weupe, wimbi.

"Uliwahi kuvuka?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Lakini walisema ni salama."

"Walisema." Akawasha injini ili kipasha joto kifanye kazi. "Wewe ndiye daktari. Ungelala huko usiku mmoja?"

Nikamweleza sampuli zilizochukuliwa, kondoo waliolishwa, miaka iliyopita tangu hapo. Nilieleza vizuri, kama ninavyowaeleza wafugaji nikisimama mbele ya shimo lililofukiwa, nikiwaambia miaka mingapi wasilishe hapo.

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, vilevile wanavyoitikia wao. Nikafuta lenzi kwa kona ya shati, nikamrudishia darubini yake.